Tundu la Mviringo

Inspekta alikikaza kifuniko cha chupa kwa mara ya pili, na bado chumba kizima kilinuka. Ilikuwa harufu ya utamu uliooza, ya matunda yaliyosahauliwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alipoiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha aliona vipande vyeupe vikielea ndani yake na utando wa kijani umeshika shingoni. Hii ilikuwa dawa ya homa ya watoto. Kuna mama aliimimina kwenye kijiko, akambembeleza mwanawe afumbe macho anywe. Wazo hilo lilimtia Inspekta kichefuchefu kuliko harufu yenyewe.

"Afande, kitoe nje hicho kitu," alisema Sajini, akifunika kikombe chake kwa kiganja. "Chai yangu imeanza kunuka wodi."

"Ni kielelezo. Vielelezo havikai nje."

"Basi nitoke mimi, mbaki wenyewe."

Kituoni walimwita Pua, nyuma ya mgongo wake, kwa jinsi alivyokuwa akikunja uso mbele ya kila kitu: chai ya kantini, viatu vya Sajini, maelezo ya mashahidi. Jina hilo alilijua na wala hakulijali.

Kesi yenyewe ilikuwa kama imejimaliza. Watoto wa wodi moja walitapika hadi wakaishiwa nguvu. Wengi walikuwa wamesharudi nyumbani, lakini kulikuwa na msichana mdogo ambaye bado alikuwa amelazwa na dripu mkononi. Chupa zote zilitoka bohari ya dawa ya hospitali, na kila moja ilikuwa na lebo ya bohari inayosema dawa ni nzima hadi mwakani. Inspekta alizibandua lebo mbili tatu kwa ukucha, na chini yake akakuta maandishi ya kiwanda: dawa ilikuwa imekwisha muda tangu mwaka jana. Lebo hizo huchapwa na kompyuta kuukuu ya dirisha la kutolea dawa, ambayo huchukua tarehe kutoka kompyuta ya ghalani. Kompyuta ya ghalani peke yake ndiyo inayoruhusiwa kubadilisha tarehe. Nayo ilionyesha kwamba tarehe zilibadilishwa Jumamosi, kwa jina la Mtunza Ghala.

Juu ya hapo kulikuwa na shahidi, tena si wa kuokotwa barabarani: Meneja wa bohari mwenyewe. Inspekta alimhoji jana yake, ofisini kwake, na alitoka pale akiwa na hamu ya kuoga. Si kwamba ofisi ilikuwa chafu. Ilikuwa safi kupita kiasi. Meneja alifungua mlango kwa kiwiko. Mkono wa Inspekta aliutazama tu, akauacha ukining'inia hewani. Sajini alipoinuka kitini, Meneja alimimina spiriti kwenye kitambaa na kukifuta kiti kabla hawajafika mlangoni. Hata kibodi ya kompyuta yake aliivika nailoni, akaikunja kwenye pembe kwa ustadi wa mtu anayefunga zawadi ya harusi.

"Nilimwona kwa macho yangu," alikuwa amesema, na maneno yake yalikuwa sasa mbele ya Inspekta. "Jumamosi, nilipopita mlango wa ghala. Ameinama juu ya kompyuta mpya, anabonyeza kibodi kwa mikono miwili. Nilisikia na mlio wa vitufe. Nikadhani anachapa kazi, kumbe anatumaliza."

Mwendesha mashtaka alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Alitaka jalada kabla ya mapumziko ya mchana ili Mtunza Ghala apandishwe kizimbani alasiri. Kwa makosa yale, dhamana ilikuwa ni ndoto, na watu walikuwa wameshaanza kukusanyika nje ya mahakama wakitaka kumwona huyo aliyewanywesha watoto sumu.

"Nitamwona kwanza," alisema Inspekta.

Kaunta palikuwa na mwanamke amesimama na mfuko wa nguo safi. Alikuwa dada wa Mtunza Ghala, na mke wa Fundi, yule mtaalamu wa kompyuta wa bohari. Kila asubuhi alileta nguo safi na kuondoka na chafu.

"Shikamoo afande," alisema, ingawa huenda walilingana umri. "Kaka yangu leo anapelekwa?"

"Huenda."

"Yeye hata panya wa ghalani alikuwa anawahurumia. Mume wangu anafanya kazi jengo lilelile. Kila siku namuuliza, baba watoto, hujui lolote la kumsaidia shemeji yako? Ananiambia nile nilale."

Inspekta aliyashika maneno hayo.

Mahabusu palinuka ndoo ya haja. Mtunza Ghala alikuwa mtu mzima mwenye mvi za pembeni, na alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji akijitahidi kutoegemea ukuta. Ukutani watu waliotangulia walikuwa wamefutia vidole vyao, na si wino peke yake. Inspekta aliziba pua bila aibu.

"Nimeshasema mpaka koo limekauka," alisema Mtunza Ghala. "Sikuigusa ile mashine."

"Ilikuwa yako. Jina ni lako."

"Hata ile ya zamani ilikuwa inafunguka yenyewe kwa jina langu. Ukiiwasha tu, inakuja na jina langu. Ila mpya hiyo sikuigusa, afande. Walipoileta Ijumaa, Fundi aliniambia, shemeji, usiiguse hii mpaka nikuruhusu. Mimi nikarudi kwenye maboksi yangu. Jumamosi nilipakua mzigo mpaka mgongo ukasema basi."

"Fundi amekana. Anasema hakukwambia kitu kama hicho."

"Najua amekana." Mtunza Ghala alitazama miguu yake, ambayo haikuwa na viatu. "Ndiye aliyemwoa dada yangu. Harusi niliisimamia mimi."

"Kwa nini akukatalie?"

"Hilo muulize yeye. Mimi nimemuuliza humu ndani, moyoni, hajanijibu."

*

Kompyuta ya ghalani ilikuwa katika chumba cha vielelezo, imefungwa kwa utepe wa polisi tangu siku ilipochukuliwa. Utaratibu ulidai iwashwe mbele ya maofisa wawili kabla ya jalada kwenda, ili mahakamani isije ikawa aibu. Sajini aliibeba hadi mezani, akaichomeka umeme, skrini, kibodi na kipanya chake. Wataalamu wa alama za vidole walikuwa wameipaka kibodi unga mweusi na kuiacha hivyohivyo. Hawakupata alama yoyote ya maana, walisema huenda imefutwa.

"Mpya kabisa," alisema Sajini, akiikagua. "Prosesa yake, yaani ubongo wake, imetoka juzijuzi tu, imeandikwa hapa. Sisi bado tuna ile mashine inayokohoa."

Aliiwasha. Taa ndogo ya kibodi iliwaka. Kisha picha ya mfumo endeshi, ule unaoiongoza mashine nzima, ikatokea, ileile ya rangi ya buluu iliyokuwa kwenye kompyuta za watu miaka mingi nyuma, na hapohapo taa ya kibodi ikazimika. Programu ya bohari ikajifungua yenyewe. Juu kulikuwa na jina la Mtunza Ghala, chini safu za dawa, zote za kijani, salama.

Kwenye pembe ya skrini kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya utepe. Iliandikwa KARIBUNI WAGENI, na ua limechorwa pembeni.

"Hiyo ya ule ugeni wa Jumatatu," alisema Sajini. "Wakubwa walikuja kuzindua kompyuta mpya. Walikata na utepe."

Inspekta alitazama ua lile. "Mtu anayepamba skrini hubandika pembezoni, kwenye plastiki. Huyu amebandika juu ya kioo." Aliibandua taratibu. Chini yake kulikuwa na kijisanduku cha ujumbe: *Prosesa hii haitambuliwi na toleo hili la mfumo. Baadhi ya vifaa havitafanya kazi.* Chini ya ujumbe kulikuwa na kitufe cha kukubali. "Ufunge huo ujumbe."

Sajini alisogeza kipanya. Mshale haukutikisika. Alibonyeza kibodi, kwanza kwa adabu, baadaye kwa kidole gumba, mwishowe kwa kiganja.

"Imekufa, afande."

"Ilete hapa kwenye yetu."

Waliichomeka kibodi ileile kwenye kompyuta ya kituo. Ikaandika vizuri kabisa. Sajini aliandika jina lake na neno *bosi* mbele yake. Wakachukua kibodi ya kituo, wakaichomeka kwenye kielelezo. Ikafa. Wakahamisha tundu, wakahamisha lingine, wakamaliza matundu yote bapa ya nyuma na ya mbele. Kila mara ilikuwa vilevile: taa inawaka mwanzoni, mfumo unakuja, taa inazimika.

Inspekta akayasoma tena maneno ya Meneja, kwa sauti. "'Anabonyeza kibodi kwa mikono miwili. Nilisikia na mlio wa vitufe.'" Aliisukuma karatasi mbali. "Huu mlio ulitoka wapi, Sajini?"

"Labda Jumamosi ilikuwa inafanya kazi."

"Labda. Kuna mtu anayejua. Mlete."

*

Fundi aliletwa na jasho lake. Alikuwa kijana mtanashati, mwenye kadi ya kazi shingoni na tabasamu la kuomba radhi kabla hajakosa. Alipoiona kompyuta imewashwa mezani, na karatasi ya KARIBUNI WAGENI imelala pembeni yake, tabasamu lilimtoka.

"Karatasi hii ni yako?" aliuliza Inspekta.

"Ilikuwa mapambo tu."

"Mapambo. Na kibodi iliyokufa ni pambo?"

Fundi alitazama mlango, akamwona Sajini ameujaza wote.

"Afande, hii si jinai. Ni mambo ya ufundi."

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Prosesa ni mpya mno," alisema Fundi, na sasa yalimtoka mfululizo. "Mfumo tunaotumia ni wa zamani, kwa sababu programu ya bohari haifanyi kazi kwenye mfumo mpya, na aliyeitengeneza programu alishafunga ofisi. Niliwaambia wanunue mashine za kizazi cha nyuma. Wakasema wageni wanataka kuona vipya. Basi Ijumaa nikachomoa diski ya ile kompyuta ya zamani, yenye mfumo na programu, nikaipachika kwenye mpya, hivyohivyo ilivyo. Nilihangaika nayo mpaka ikakubali kuwaka. Lakini mfumo ule umezaliwa kabla ya prosesa hii. Milango yake hauijui. Matundu haya bapa, ya kibodi na kipanya, kwake ni kama ukuta. Na wenye mfumo walishasema hawatoi tena viraka vya kuurekebisha ukubali prosesa mpya."

"Kwa hiyo tangu Ijumaa hakuna aliyeweza kuandika kitu?"

"Hakuna. Wala kusogeza mshale."

"Na wageni Jumatatu?"

"Walikata utepe, wakaangalia skrini, wakapiga makofi. Hakuna aliyegusa." Aliinamisha kichwa. "Nilimwambia Meneja ziko tayari. Niliandika hivyo na nikasaini. Nilidhani nitapata ufumbuzi wiki hii. Nikimwambia ukweli ningefukuzwa siku hiyohiyo."

"Na shemeji yako ulimwambia asiguse."

Fundi alijifuta jasho.

"Nakuuliza wewe."

"Nilimwambia."

Inspekta alimtazama kama alivyoitazama chupa. Siku zote hizi mtu huyu alikuwa anakula chakula cha dada wa mfungwa, analala kitanda kimoja naye, anamwambia ale alale. Alijua kwamba kibodi ilikuwa maiti. Neno moja tu lingemtoa mtu mahabusu, naye alilimeza asije akakosa kadi ya shingoni.

"Unanuka," alisema Inspekta. "Sajini, fungua dirisha."

"Afande, usiandike jina langu, nakuomba. Nina familia."

"Familia yako iko mahabusu, haina viatu." Aliinuka. "Tarehe zimebadilika Jumamosi. Kama hakuna aliyeweza kuandika isipokuwa anayejua hila ya mashine, basi anayejua ni wewe."

Fundi alishtuka. Hilo hakuwa amelifikiria. "Si mimi! Wallahi si mimi! Hata mimi nisingeweza, ila..." Akasita.

"Ila?"

"Ila kwa tundu la mviringo." Alinyoosha kidole nyuma ya mashine. Chini kabisa, mbali na matundu bapa, kulikuwa na tundu dogo la duara. "Kibodi za kale zilikuwa na plagi ya mviringo. Waliotengeneza mashine wameacha tundu moja, sijui kwa nani. Hilo mfumo wa zamani unalijua vizuri, ni la rika lake. Ukichomeka humo kabla ya kuwasha, unaandika kama kawaida. Lakini kibodi hizo tulishazitupa."

Inspekta aliinama. Kompyuta mpya huja na vibandiko vidogo vya plastiki juu ya matundu ambayo watu hawayatumii. Juu ya tundu la mviringo kibandiko hakikuwepo. Kulikuwa na alama ya gundi tu, mraba mdogo unaonata.

"Wewe ulikibandua?"

"Hapana. Kwenye mpya zingine zote, ambazo bado hazijatumika, kipo."

"Kibodi za zamani mlizitupa wapi?"

*

Walizitupa nyuma ya bohari, kwenye kibanda cha mabati. Sajini alivuta mlango, na panya wawili wakatoka bila haraka, kama wenye nyumba. Ndani kulikuwa na rundo la skrini zenye migongo mikubwa, mashine zilizopasuka matumbo, na kibodi zimelala juu ya kibodi. Vinyesi vilikuwa kila mahali. Kati ya vitufe kulikuwa na nywele, makombo, mabaki ya kucha za watu waliokwishastaafu. Inspekta alivaa glovu mbili juu ya mbili.

"Hesabu ya kazi ya serikali ndiyo hii," alinung'unika Sajini. "Mtu anang'ata kucha miaka thelathini, na ushahidi wote umo humu."

Waliinua moja baada ya nyingine. Inspekta aliangalia mkia wa kila moja, na hakuna hata moja iliyokuwa na mkia. Nyaya zilikuwa zimekatwa kwenye shina. Mlinzi wa bohari, alipobanwa, alikiri palepale kwamba shaba ina wateja wake, na kwamba alizikata zote kabla kompyuta mpya hazijashushwa garini.

"Kwa hiyo haikutoka humu," alisema Sajini, akijipangusa mikono kwenye suruali. "Na Fundi amepona."

Inspekta alikuwa anatazama mikono ya Sajini ikipaka uchafu kwenye suruali, na alikuwa anamkumbuka mtu ambaye angezimia kuona hivyo. Mtu ambaye asingegusa kibodi iliyoguswa na wenzake hata kwa fimbo. Mtu wa namna hiyo, akitaka kuandika kwenye mashine ya mwenzake, angefanyaje?

"Ibebe kompyuta," alisema. "Tunairudisha ghalani. Na Fundi aje."

*

Waliipanga pale ilipokuwa mwanzo, kwenye meza ya mtunza ghala, kati ya rafu za maboksi. Inspekta aliiacha imezimwa. Meneja alikuja akiwa na leso puani.

"Samahani kwa usumbufu, Meneja. Mwendesha mashtaka anataka tumwonyeshe hakimu jinsi tarehe zinavyobadilishwa, na sisi programu hii hatuijui. Tusaidie. Iwashe tu, utuonyeshe."

"Fundi yupo."

"Fundi ni shemeji wa mshtakiwa. Wakili atatucheka."

Meneja alikubali kwa kichwa, hoja ilimpendeza. Alikaribia meza, akaiona kibodi, nyeusi kwa unga wa alama za vidole, ikiwa na alama ya kiganja cha Sajini katikati. Akarudi nyuma hatua nzima.

"Hiyo siigusi."

"Ndiyo iliyopo."

"Mnajua ni watu wangapi wameigusa? Mnajua huyo bwana alikuwa anakula huku anaandika? Hapana. Subirini."

Aliondoka. Fundi alifungua mdomo, Inspekta akamnyamazisha kwa jicho. Meneja alirudi akiwa amebeba kibodi yake ya zamani ya ofisini, imevikwa nailoni, waya umezungushwa nadhifu. Aliukunjua waya. Mwishoni kulikuwa na plagi ya mviringo.

Hakuuliza pa kuichomeka. Alizunguka nyuma ya mashine, akainama, akapeleka mkono moja kwa moja chini, akaisukuma plagi mpaka mwisho. Kisha akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa kifundo cha kidole. Mfumo ukaja, programu ikafunguka, na Meneja akaanza kushuka kwenye safu za dawa kwa vitufe vya mishale, haraka, bila kutazama mikono yake. Vitufe vililia chini ya nailoni.

"Unaona? Unashuka hapa, unaingia hapa, unafuta mwaka..."

"Inatosha," alisema Inspekta. "Umewahi kuitumia mashine hii kabla ya leo?"

"Mimi? Kamwe. Ni ya mtunza ghala."

"Ila tundu ulilijua."

"Matundu ni matundu tu."

"Sajini, bonyeza ile nyeusi."

Sajini alibonyeza kibodi ya kielelezo kwa vidole vyote. Skrini haikutikisika. Alibonyeza tena, na chumba kilijaa mlio wa vitufe visivyoandika kitu.

"Ulisema ulimwona anabonyeza hii," alisema Inspekta. "Imekufa tangu Ijumaa, Meneja. Prosesa ni mpya, mfumo ni mkongwe, haviongei. Kila mtu ambaye angeigusa mara moja tu angejua. Wewe hukujua kwa sababu hujawahi kuigusa. Unawaonea watu kinyaa. Ulikuja na ya kwako, ukachomeka, ikafanya kazi, ukadhani zote zinafanya kazi."

Meneja alivuta leso. "Upuuzi. Jumamosi ilikuwa nzima. Fundi alinihakikishia! Fundi, waambie."

Wote walimgeukia Fundi. Alishika kadi yake ya shingoni kwa mikono yote miwili.

"Haikuwa nzima, bosi," alisema, akiongea na sakafu. "Nilikudanganya. Tangu Ijumaa ilikuwa haipokei kibodi. Shemeji nilimwambia asiiguse, na hakuigusa."

Meneja aliichomoa kibodi yake, akaanza kuifunga waya, mzunguko baada ya mzunguko, kwa uangalifu uleule, mpaka Sajini alipomnyang'anya kwa mkono mtupu. Meneja alitetemeka, si kwa kukamatwa bali kwa kuona vidole vile juu ya nailoni.

"Kwa nini?" aliuliza Inspekta.

"Wageni walikuwa wanakuja."

"Hilo najua. Nauliza kwa nini."

"Dawa ikiisha muda, safu yake inageuka nyekundu. Tulichelewa kuiteketeza ile ya watoto, basi. Mambo yalikuwa mengi. Skrini ilikuwa nusu nyekundu! Ningewaonyesha wakubwa kitu kama kile?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayelalamikia doa kwenye shati. "Nilisogeza mwaka mbele tu. Baada ya ugeni ningerudisha na dawa ingechomwa. Ilinipitia. Watu wa dirishani wakaichapia lebo wakaitoa. Hata hawakuangalia chupa!"

"Ilikupitia."

"Mimi sikumnywesha mtu."

Inspekta aliitoa chupa mfukoni mwake, akafungua kifuniko, akaishika chini ya uso wa Meneja. Meneja alijitupa nyuma hadi mgongo ukagonga rafu, akaziba mdomo kwa mikono miwili, macho yakamtoka machozi.

"Kuna msichana bado ana dripu," alisema Inspekta. "Yeye alimaliza kijiko kizima, kwa sababu mama yake alimwambia ni tamu."

Sajini alitoa pingu. Meneja aliomba zifutwe kwanza kwa spiriti. Sajini alizipulizia pumzi, akazifunga.

*

Mwendesha mashtaka alipopiga simu mara ya tatu, Inspekta alimwambia jalada lipo, ila jina limebadilika.

Mtunza Ghala alitolewa mahabusu akiwa amevaa nguo safi za asubuhi ile, viatu mkononi. Dada yake alimshika uso kwa mikono miwili, akamwangalia, akamwachia. Mkononi mwake alikuwa na mfuko wa nguo chafu, zile alizolalia kwenye saruji, karibu na ndoo. Ulikuwa umefungwa fundo na bado ulinuka kaunta nzima.

Fundi alikuwa amesimama kando ya mlango. Alikuwa ameshaandika maelezo yake, na kadi ya shingoni hakuwa nayo tena.

"Shemeji," alisema, akinyoosha mkono. "Nisamehe. Nilitaka kusema. Kila siku nilitaka kusema."

Mtunza Ghala aliutazama mkono ule. Kisha akainama, akaanza kuvaa viatu vyake.

"Ulikuwa unajua?" mkewe alimuuliza Fundi. "Nilipokuwa nakuuliza, ulikuwa unajua?"

Fundi aliushusha mkono, na hilo lilitosha. Mwanamke alifungua fundo la mfuko, akamwekea kifuani.

"Shika."

Alishika.

"Nusa."

"Mama watoto, hapa mbele za watu..."

"Nusa, nimesema. Hiyo ndiyo harufu uliyoniletea nyumbani kila siku, nikadhani ni ya kazi."

Aliinamisha uso kwenye mfuko. Sajini aligeuka kutazama ukuta, lakini Inspekta hakugeuka. Alisubiri hadi alipohakikisha kwamba mtu yule amevuta pumzi yote, kisha akamfungulia mlango Mtunza Ghala, na kaka na dada wakatoka pamoja, wakamwacha na mfuko wake.